Wati Hamsini

Mchoro wa kwanza niliuchora nyuma ya risiti ya unga,
Barabara ya Kumi na Sita, Ngamiani, umeme umekatika,
taa ya simu nimeing'ata kwa meno:
huku ziingie wati tano, kule zitoke hamsini,
na katikati pembetatu,
pembetatu tupu, sambusa isiyotiwa nyama.

Kuichora ni dakika moja.
Kuijaza kulinimalizia masika na vuli.

Transista mbili nilizing'oa kwenye inveta iliyoungua ya duka la dawa.
Waya wa shaba niliuzongoa kwenye feni ya Mwanamisi
iliyokufa imeutazama ukuta.
Pete za feraiti, kompyuta ya karani wa bandari.
Kipoza joto ni kitako cha sufuria,
nilikisugua kwa msasa mpaka nikaiona pua yangu.
Na kasha ni debe la mafuta ya kula:
nililikata kwa mkasi wa bati, nalo likanikata kidole gumba.
Hatudaiani.

Siku ya kuliwasha sikulilisha kitu.
Maikrofoni iko mezani, mdomo nimeufumba,
na mshale wa mita ukapanda wenyewe,
transista zikachemka,
debe likavuma.
Nilicheka peke yangu. Wahenga waliyajua haya
kabla ya umeme.

Kilichotoka kilikuwa kinarudi mlangoni kwa siri,
kinajisikia, kinajijibu, kinajipigia makofi.
Namjua diwani mmoja wa namna hiyo.
Dawa yake haikuwa nguvu. Niliufupisha waya wa ardhi
ukabaki upana wa vidole vitatu,
nikazivisha transista shanga za feraiti miguuni
kama mtoto anayekingwa na jicho la watu.
Mshale ukalala kwenye sifuri.
Hapo nikajua nimeunda kitu: kinasubiri kuambiwa.

Kisha Mwanamisi akaja, mwiko mkononi.
"Kibibi! Umo ndani ya sabufa yangu!
Mjukuu anatazama katuni zake,
mara simba anabwabwaja kwa sauti yako!"

Nikarudi mezani. Koili tatu, kapasita nne:
meta arobaini ipite, vitukuu vyake vya juu visitoke nje.
Kazi ya kifumbu ni hiyo hiyo,
tui lishuke, chicha ibaki.
Hesabu ilinikataa mara mbili; mara ya tatu
nilikuwa nimesahau kugawa kwa mbili.

Antena niliivuta kwa kamba ya katani,
ncha moja kwenye mfenesi,
ncha nyingine kwenye paa la Mwanamisi,
kwa ahadi ya feni mpya.

Yote haya kwa ajili ya Bihoga wa Kasulu.
Tulikutana mara moja tu, siku ya mtihani wa leseni.
Hatukupeana namba za simu; tulipeana masafa.
Miaka miwili nimemwita kwa wati tano
nikaambulia vumbi la sauti,
herufi moja, labda, au radi ya Tabora.

Usiku wa Jumanne nikaita kwa hamsini.
Kimya. Nikaita tena.
Jibu likaja, jembamba kama unyuzi mmoja wa katani:
"Kibibi, punguza, unanitoboa masikio.
Nakusikia tangu mwaka juzi.
Hata zile wati tano zilikuwa zinafika, zina afya zao.
Mimi ndiye nisiyefika.
Leo nimeazima betri ya trekta,
na mwenyewe anaitaka alfajiri."

Nililitazama debe. Bati lilikuwa bado la moto,
linanukia alizeti.
Nikalizima.

"Chukua penseli," nikamwambia kwa wati zangu tano.
"Chora pembetatu. Sufuria kuukuu unayo?"
"Ninayo."
"Feni mbovu?"
"Huku kuna baridi, hatuna feni. Nitatafuta waya."
Akanyamaza, nikadhani betri imekwisha.
"Debe," akauliza, "la mafuta ya kula, au hata la mafuta ya taa?"

Lolote, nikasema.
Ila waya wa ardhi uwe mfupi.